Mbegu ya Asha na Mahindi ya Kiboko

Kama uko jikoni unachochea moto, au uko kwenye matatu unarudi nyumbani, nisikilize kidogo jioni hii.

Twende kwanza Kiboko. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukishapita Emali na Simba, kama kilomita 160 hivi, unafika mahali ambapo migunga yenye magome ya manjano imesimama kando ya maji. Magari mengi hupita bila kusimama. Jina la mahali ni la mnyama wa majini, ilhali nchi inayopazunguka ni kavu, vumbi jekundu na vichaka vya miiba hadi upeo wa macho. Maji yale asili yake ni vilima vya Chyulu. Mvua hunyesha kule juu, ikazama katika mawe ya volkano, ikasafiri chini kwa chini pasipo mtu kuiona, kisha ikachomoza huku kwetu kama chemchemi.

Hapo Kiboko pana shamba la utafiti la KALRO, yaani Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa CIMMYT, kile kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano chenye makao yake Mexico, hufanya jambo ambalo mkulima akiliona moyo unamuuma. Hupanda mahindi wakati wa kiangazi, ili mvua isije ikawavurugia kazi. Huyanywesha vizuri mpaka yanapokaribia kutoa mbelewele. Halafu hufunga maji. Huyafunga wakati uleule ambao hindi linahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Siku zinapita, majani yanajikunja kama sigara. Mbelewele zinatoka na kumwaga chavua, lakini nywele za hindi zinachelewa, chavua inapeperuka bure, na gunzi linabaki na punje za kuhesabika. Baadaye wataalamu hupita mstari kwa mstari wakitafuta lile shina ambalo, pamoja na kiu yote hiyo, limezaa. Mbegu ya shina hilo ndiyo wanayoondoka nayo.

Nimeanzia shambani kwa sababu ninalotaka kulizungumzia ni tumaini. Nazungumzia tumaini la Kikristo, hili tunalolihubiri kila Jumapili kutoka mji wa Wote hadi Kitui, na namna linavyojitokeza katika sinema za kubuni za kisayansi. Najua baadhi ya wazee watashangaa. Sinema za roboti na vyombo vya anga zina uhusiano gani na imani? Zina uhusiano mkubwa. Vijana wetu wameziona zote, kwenye simu, kwenye vibanda vya video, na nyingine wamezisikia kwa sauti ya DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili. Mtoto ambaye hajui kitabu cha Danieli anajua kwamba chombo cha Morpheus katika filamu ya The Matrix kinaitwa Nebuchadnezzar, na kwamba mji wa mwisho wa wanadamu unaitwa Zion. Kijana Neo anakufa, kisha anaamka. Wasanii wa Hollywood, wengine wakiwa waumini na wengine wasiwe, wakitaka kusema kwamba bado kuna kesho, hurudi kwenye Biblia kuazima majina. Hawajapata ghala jingine lililojaa namna hiyo.

Chukua filamu ya Interstellar, ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Christopher Nolan. Mtu wa huku kwetu Makueni akiitazama, anakaa vizuri kwenye kiti chake, kwa sababu inaanza na mahindi. Dunia imeugua. Ngano imekwisha, mimea inakufa mmoja baada ya mwingine, vumbi linaingia hadi mezani, na mahindi ndiyo zao la mwisho lililobaki. Ili kuipiga picha hadithi hiyo, walipanda ekari 500 za mahindi ya kweli huko Alberta, Kanada. Katika hadithi hiyo, watu 12 walitangulia kwenda angani kutafuta makao mapya, na safari zao ziliitwa Lazarus, jina la mtu wa Bethania aliyetoka kaburini. Nimeitazama mara tatu. Baba anapoitazama video ya watoto wake waliokua na kuzeeka yeye akiwa mbali, machozi hunitoka kila mara.

Lakini uliza: tumaini la filamu hiyo linaelekea wapi? Linaelekea juu. Linaelekea nje. Mahindi yanaachwa yafe, shamba linaachwa kwa vumbi, na ushindi ni kupata pa kwenda. Sisi watu wa huku tunapaswa kushtushwa na mwelekeo huo, kwa maana tunaujua. Tumeusikia mimbarini tangu utotoni. Dunia hii si yetu, tunapita tu, funga mizigo.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kuliko wote alizaliwa nchi yetu hii. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, kisha Cambridge, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1963. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, ambamo alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi alivyoona Waafrika wanavyohesabu wakati. Alichambua nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akasema kwamba wakati ujao ndani yake ni mfupi mno, miezi michache, labda miaka miwili isiyozidi. Zaidi ya hapo hakuna tukio, na pasipo tukio hakuna wakati. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga vikali kwa kuwatia Waafrika wote katika kapu moja, na mimi naona Gyekye alikuwa na haki katika hilo. Lugha kukosa kiambishi cha miaka mia ijayo si ushahidi kwamba wasemaji wake hawawezi kuiota miaka hiyo.

Ila kuna kitabu kingine cha Mbiti, cha mwaka 1971, ambacho hakizungumzwi sana, nacho kinatuhusu sisi moja kwa moja. Humo Mbiti alichunguza mafundisho ya siku za mwisho kama yalivyoletwa Ukambani na Africa Inland Mission, wamishenari waliolianzisha kanisa ambalo leo tunaliita AIC. Aliona kwamba wamishenari walisisitiza mno mwisho wa dunia na safari ya kwenda mbinguni. Wakamba waliosikia mafundisho hayo waliyapokea kwa namna mbili. Kuna waliodhani mwisho ni kesho au keshokutwa, na kuna waliojenga picha ya nchi ya mbali angani, yenye kila kilichokosekana huku chini. Mbiti hakuikana mbingu. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, na uzeeni alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki, likatoka mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kufariki kwake. Alichosema ni kwamba tumaini la Agano Jipya limeshikana na Kristo mwenyewe, aliyekwisha kuja na aliye pamoja na watu wake sasa. Likigeuzwa kuwa tikiti ya safari, limepungua.

Nami naongeza hili. Fungua sura mbili za mwisho za Ufunuo uone nani anasafiri. Watu hawapandi. Mji ndio unaoshuka, na Mungu anakuja kukaa na wanadamu. Biblia inaishia na mto na mti ardhini, na majani ya mti huo ni dawa. Mwandishi wa filamu ya roketi angepata shida sana na mwisho wa namna hiyo.

Na kwa haki ya wale wamishenari, walihubiri kuondoka lakini wao wenyewe walikaa. Peter Cameron Scott alifika Nzaui, katika Makueni ya leo, mwishoni mwa mwaka 1895. Desemba ya mwaka uliofuata alikuwa amekufa kwa homa, hajatimiza miaka 30. Wenzake kadhaa walimfuata kaburini, wengine wakarudi kwao, na miaka ile ile ikaja njaa kuu ambayo wazee wetu waliiita Ngomanisye. Kanisa lililo huku leo lilianzia katika udongo wa Nzaui, pamoja na watu waliozikwa humo.

Sasa nije kwenye filamu ninayotaka uitafute. Imetengenezwa na Mkenya, Wanuri Kahiu. Inaitwa Pumzi. Aliitengeneza mwaka 2009, na Januari 2010 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance kule Marekani. Ni fupi, kama dakika 21 tu. Katika mwaka huohuo wa 2009 Kahiu alitengeneza pia filamu ya kumbukumbu juu ya Wangari Maathai, mama wa miti, na ukizitazama zote mbili utaona mkono mmoja.

Hadithi ya Pumzi iko Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Walionusurika wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jamii inayoitwa Maitu. Nje, wanaambiwa, kila kitu kimekufa. Umeme wanauzalisha kwa miili yao, kwa kukimbia juu ya mashine. Maji wanayonywa ni jasho na mkojo wao wenyewe, uliosafishwa. Kila mtu ana kipimo chake. Na wamepewa vidonge vya kuzuia ndoto, kwa sababu mtu akiota mti anaweza kutaka kuuona.

Asha anafanya kazi katika jumba la makumbusho ya mimea na wanyama waliokwisha kutoweka. Siku moja anapokea kisanduku chenye udongo, hakuna jina la aliyeutuma. Anaupima, na udongo una unyevu, tena hauna sumu. Anaunusa. Anapanda ndani yake mbegu kuukuu aliyoitoa kwenye makumbusho, anaimwagia maji ya kipimo chake, na mbegu inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka nje akautafute udongo huo ulikotoka. Wakuu wanamkatalia. Wanavunja makumbusho yake na kumpeleka kwenye mashine za kuzalisha umeme. Anayemsaidia kutoroka ni mwanamke msafishaji wa vyoo, ambaye hapo awali Asha alimgawia maji kidogo. Naomba uishike picha hiyo. Katika Injili ya Mathayo, Yesu aliahidi thawabu kwa anayempa mmoja wa wadogo kikombe cha maji. Hapa kikombe hicho kimefungua mlango wa gereza.

Asha anatembea jangwani mpaka nguvu zinamwishia. Anachimba kwa mikono, anapanda mche, anaumwagia tone la mwisho alilobakiza, kisha anaukinga jua kwa nguo yake na mwili wake. Anakufa hapo. Mti unakua pale alipolala, na mwishoni kabisa, picha inapokuwa imepanda juu sana, ngurumo inasikika.

Sisemi kwamba Pumzi ni filamu ya Kikristo. Haitaji kanisa wala haitaji Yesu, na si adabu kumbatizia mtu kazi yake bila kumwuliza. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelelewa na Injili hawezi kuitazama asikumbuke maneno ya Yesu kuhusu punje ya ngano, ambayo isipoanguka ardhini ikafa, hukaa peke yake. Hawezi pia kulisikia jina Pumzi asikumbuke Mwanzo, mavumbi yaliyopuliziwa puani yakawa mtu, au lile bonde la Ezekieli lililojaa mifupa mikavu. Hata jina la binti mwenyewe, Asha, lililotufikia kutoka Kiarabu, lina maana ya uhai. Kwa Kihindi jina hilohilo ni tumaini.

Tena, mwelekeo wa Pumzi ni tofauti na wa Interstellar. Wale wa Interstellar waliyaacha mahindi wakapanda juu. Asha ana jengo salama, ana maji ya kipimo, na tumaini linamtoa katika usalama huo na kumrudisha kwenye ardhi iliyotangazwa kuwa imekufa. Anainama. Anachimba.

Mwaka jana, katika kanisa moja la huku kwetu, vijana walitandika shuka jeupe ukutani wakaionyesha filamu hii baada ya ibada ya jioni. Nilikuwapo. Neno Maitu lilipotokea, minong'ono ilipita kwenye viti, kwani kwa Kikikuyu maana yake ni mama, na sisi kwa Kikamba tunasema mwaitu. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Ilipokwisha, kijana mmoja akasimama akasema kwamba Asha ni mfano wa Kristo, aliyekufa peke yake kwa ajili ya wengi. Watu wakaitikia amina.

Kisha mama mmoja mzee, mwaitu wa mstari wa mbele, akauliza kwa Kikamba: "Huyu mtoto amekufa kwa kazi ya watu kumi. Mwethya wake uko wapi?"

Kijana akamjibu kwa heshima, "Mwaitu, kule hakuna mwethya. Wote wamepewa dawa wasiote ndoto."

Akasema, "Basi njaa yao ilianzia hapo."

Nimelibeba swali hilo hadi leo. Kwa msikilizaji asiyetoka Ukambani, mwethya ni kundi la majirani wanaokusanyika kufanya kazi ya mmoja wao, kisha ya mwingine, kwa zamu, bila malipo. Mwaitu aliona jambo ambalo wahakiki wengi wa sinema wamelipita. Tumaini la sinema hizi, nzuri na mbaya, karibu daima hupewa mtu mmoja. Neo ndiye mteule. Katika Children of Men, ya Alfonso Cuarón ya mwaka 2006, ambamo wanawake duniani kote wamekuwa tasa kwa miaka 18, Theo anamsindikiza msichana mkimbizi wa Kiafrika mwenye mimba. Kilio cha kichanga kinanyamazisha bunduki za jeshi zima, nami sijaona tukio la Noeli lililopigwa picha vizuri kuliko lile. Lakini Theo anakufa ndani ya mashua kabla meli haijafika. Tena mtu mmoja.

Ila mitume hawakuachiwa tumaini mmoja mmoja. Waliachiwa mkate wa kumega pamoja na mali ya kugawana. Paulo akiandika juu ya viumbe vyote vinavyougua kwa utungu katika Warumi 8, anasema sisi, hasemi mimi.

Na Ukambani tuna ushahidi wake ardhini. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba nchi ya Machakos, ambayo wakati huo Makueni ilikuwa sehemu yake, imekwisha. Mmomonyoko umeila, watu ni wengi kuliko ardhi, hakuna kesho. Yalikuwa maneno ya filamu ya kutisha. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu wakati ule, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Kilichobadilisha mambo kwa sehemu kubwa ni matuta, yale tunayoyaita fanya juu, ambayo unachimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Mengi kati ya hayo yalichimbwa na mwethya, na wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama.

Au tazama mabwawa ya mchanga. Kule Utooni, Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake walianza kundi lao mwaka 1978. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake ambako jua haliwezi kuyafikia. Miezi baadaye, mto ukionekana mkavu kabisa, mama anachimba kwa mikono na kuteka. Mikono yake inafanya kazi ileile ya Asha, ila yeye anakwenda nyumbani na mtungi.

Kati ya mwaka 2020 na mapema 2023 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo. Wengi wenu mnaonisikiliza mlipanda ndengu, mbaazi na kunde misimu hiyo yote. Mlipanda vumbini kabla mvua haijaonekana, mkapoteza, mkaweka kando mbegu kidogo huku watoto wakilala na njaa, mkapanda tena. Hakuna aliyewapigia picha ya sinema. Mimi naona mlichokifanya kina uzito kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, na kwamba ndicho Waebrania 11 inachokizungumzia inapotaja watu waliokufa wakiwa wameiona ahadi kwa mbali tu.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Viongozi wa vijana makanisani, Makueni na Kitui, itafuteni filamu ya Pumzi kabla ya hapo. Itandikieni shuka ukutani. Waiteni na wazee, msiwaache nyumbani. Taa zikiwashwa, msikimbilie sala ya kufunga. Mwulizeni kwanza mwaitu aliyeketi mstari wa mbele ameona nini.